Shajara ya mradi wa usafi kambini: kutoka tathmini hadi msimu wa mvua

Mwanzo wa mradi

Makazi tunayoyahudumia ni ya watu waliokimbia makwao. Wengi waliingia kwa mkupuo, na walipofika hawakukuta choo wala bomba. Sasa maji yanaletwa kwa magari na kumiminwa kwenye matangi, mafundi wanachimba vyoo, na kikosi chetu kimekabidhiwa kile ambacho karatasi za mradi zinakiita uhamasishaji wa usafi. Mimi ndiye afisa wa sehemu hiyo. Naandika shajara hii ili atakayepokea kijiti ajue tulifanya nini, kipi kilikwama, kipi kilibadilishwa na kwa sababu gani.

Niseme mapema ninavyoielewa kazi hii. Wengi wakisikia uhamasishaji wanamwona mtu mwenye kipaza sauti akipita mitaani kuwakumbusha watu kunawa mikono. Hiyo ni sehemu ndogo. Kubwa zaidi ni kuchukua neno la mkazi na kulifikisha kwa anayechimba, anayenunua na anayegawa, kisha kulifuatilia mpaka kitu kibadilike. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yalianza kuviandaa mwaka 1997, katika toleo la 2018 vinaianza sura ya maji na usafi kwa uhamasishaji. Ugavi wa maji unafuata, na vyoo vinakuja baada ya hapo. Nakubaliana na mpangilio huo kwa moyo wote. Choo kilichojengwa bila kumuuliza atakayekitumia hugeuka stoo, na hilo halikawii.

Wahamasishaji tumewachukua miongoni mwa wakazi wenyewe. Kipimo kinachotumika sana kambini ni wahamasishaji 2 kwa kila watu 1,000, na ndicho tulichokifuata. Katika kuchagua hatukutafuta wasemaji hodari. Tuliwauliza majirani: mtoto akiugua usiku, unaanza kwenda kugonga kwa nani? Majina yaliyorudiwa ndiyo tuliyoyachukua. Wamo bibi wawili watatu ambao hawajui kusoma, wamo vijana, na yumo mwanamume anayetembea kwa magongo ambaye baadaye alitufundisha kuhusu vyoo kuliko mhandisi yeyote.

Tathmini

Tulianza kwa kutembea, alfajiri, wakati watu wanatoka kwenda haja. Ukitembea saa hiyo unaona mengi ambayo dodoso halikuambii. Njia nyembamba zilizokanyagwa zinapita nyuma ya safu ya vyoo na kuishia vichakani. Choo kimoja kilikuwa kimejaa kuni. Kingine kilikuwa safi mno, sakafu yake haijaguswa na maji, na majirani wakatuambia kuwa hakuna anayekiingia kwa sababu mlango unatazama barabara kuu ya kambi.

Kisha tukaketi na watu kwa makundi: wanawake peke yao, wanaume peke yao, wasichana peke yao, wazee, watu wenye ulemavu na walezi wao. Mambo yanayosemwa kwenye kundi la wanawake hayasemwi mwenyekiti wa mtaa akiwa amekaa pembeni. Tulipouliza kuhusu kunawa mikono, mama mmoja alitujibu bila kuficha: "Mwanangu, kunawa tunajua. Hayo tumefundishwa tangu shule. Njoo nikuonyeshe sabuni yangu ilipo." Akatupeleka ndani ya hema. Kipande kilikuwa kimefungwa kwenye mfuko na kuning'inizwa juu ya nguzo, maana kikiachwa nje kinaibwa, na ndicho hichohicho cha kuogea, kufulia na kuoshea vyombo. Maji yalikuwa kwenye dumu upande wa pili. Choo kilikuwa mbali. Mtu akitoka chooni, mpaka afike kwenye sabuni ameshashika mlango, ameshamshika mtoto, ameshashika kikombe.

Nimeieleza hali hiyo kwenye ripoti ya tathmini jinsi nilivyoiona, na nimeomba iwekwe ukurasa wa kwanza. Kiwango cha sabuni ni gramu 250 za kuogea na gramu 200 za kufulia kwa kila mtu kwa mwezi. Mgao ulikuwa umechelewa, na ulipokuja ulikuja mara moja kwa familia nzima bila kujali ukubwa wake. Ukimhubiria mtu huyo faida za kunawa unampotezea muda, na yeye anajua hivyo, ila ni mstaarabu tu, anakusikiliza.

Mengine yaliyojitokeza nitayataja kwa ufupi kwa kuwa kila moja lina nafasi yake huko mbele. Wanawake hawaendi chooni usiku. Kinyesi cha watoto wadogo kinahesabiwa kuwa hakina madhara na hutupwa nyuma ya hema. Maji ya bomba yanasemwa kuwa yana dawa inayonuka. Na wasichana walikuwa na jambo ambalo halikusemwa mpaka wahamasishaji wanaume walipotoka nje.

Mafunzo ya wahamasishaji

Tuliyafanya chini ya turubai, kwa kadi za picha, bila projekta. Kadi zinaonyesha njia ambazo kinyesi hupita hadi kufika mdomoni mwa mtu mwingine: vidole, inzi, maji, udongo na chakula. Kila kundi hupanga kadi zake chini, kisha huwekewa kadi nyingine za vizuizi, yaani choo, sabuni, mfuniko, maji yaliyotiwa dawa, na kuulizwa kila kizuizi kinafunga njia ipi. Ubishi uliozuka hapo ulikuwa wa maana kuliko somo lolote ambalo ningelisimama kulitoa. Bibi mmoja alishikilia kwamba kinyesi cha mtoto anayenyonya hakiwezi kudhuru. Mwenzake akamuuliza: mtoto huyo akiharisha, anayefuata kuharisha ni nani? Bibi akanyamaza kidogo, akajibu kuwa ni dada yake anayembeba. Hakuna aliyeongeza neno. Ukweli ni kwamba kinyesi cha watoto hubeba vimelea sawa na cha wakubwa, na mara nyingi zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaougua kuhara mara kwa mara.

Orodha ya ujumbe tuliyoletewa kutoka ofisi ya juu ilikuwa ndefu sana. Nimeomba ruhusa ya kuipunguza na nimepewa. Tumebaki na mambo matatu: kunawa kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika, kula au kulisha; kinyesi cha kila mtu kiende chooni, cha mtoto kikiwemo; na maji ya kunywa yakae kwenye chombo safi chenye mfuniko. Mengine yatakuja yakihitajika. Mtu aliyepoteza nyumba hana nafasi kichwani ya kubeba ujumbe kumi na tano.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni la kutembelea nyumba kwa kuigiza. Mhamasishaji haruhusiwi kutoa ushauri wowote mpaka awe ameuliza maswali matatu na kuyarudia majibu kwa maneno yake mwenyewe. Vijana walipata shida mwanzoni, midomo iliwawasha. Bibi wale waliliweza mara moja.

Vyoo

Hapa ndipo tumetumia nguvu nyingi, na sijutii hata saa moja.

Katika siku za mwanzo za dharura kipimo ni choo kimoja kwa watu 50, kisha hali ikitulia kishuke hadi kimoja kwa watu 20. Kwa vyoo vya pamoja, vya wanawake viwe vitatu kwa kila kimoja cha wanaume. Umbali kutoka makazini usizidi mita 50. Mafundi wetu walikuwa wanazikimbiza hesabu hizo na walizikaribia, kwa hiyo kwenye jedwali la wiki mambo yalionekana mazuri. Lakini jedwali linahesabu vyoo vilivyojengwa. Mimi nilitaka kuhesabu vinavyotumika, na tukakubaliana safu hiyo iongezwe.

Swali la usiku lilikuwa na majibu mengi kuliko nilivyotarajia. La kwanza ni komeo. Milango ilikuwa na komeo la nje tu, la kufungia choo kisiingiwe na mbuzi na watoto, ila ndani hapakuwa na kitu cha kujifungia. Hilo lilirekebishwa haraka, vipande vya waya na misumari, kazi ya fundi mmoja mwenye nyundo.

La pili ni mwanga, na hapa naomba wahandisi wote waniwie radhi nikilisema kwa urefu. Pendekezo lilikuwa kufunga taa za sola ndani ya vyoo. Taa zilikuwa zimeshaagizwa. Tulipolifikisha kwenye kundi la wanawake, walitazamana, kisha mmoja akauliza kuta ni za nini. Kuta ni za turubai. Taa ikiwashwa ndani, aliyechutama anaonekana kivuli chake chote kutoka nje. Wanawake walitaka mwanga kwenye njia ya kwenda chooni, na tochi ya kushika mkononi ambayo mtu anaweza kuizima. Nilirudi ofisini na neno hilo jioni ileile. Mhandisi hakubisha, alikwenda mwenyewe usiku, akamwomba mwenzake aingie na tochi, akasimama nje. Taa sasa ziko juu ya nguzo njiani, na tochi zimeingizwa kwenye mgao wa vifaa vya nyumbani.

La tatu lilitoka kwa yule mhamasishaji wa magongo. Alimchukua mhandisi mpaka mlangoni akamwonyesha: kizingiti kiko juu, ndani hakuna pa kushika, na sakafu ikilowa magongo yanateleza. Mzee wa miaka sabini ana shida hizohizo ingawa hana ulemavu wowote kwenye orodha. Tumepata vyoo vyenye njia ya mteremko, vyuma vya kushikilia na kiti chenye tundu, na safari hii familia ndizo zilizosema vijengwe wapi.

Watoto wanaogopa tundu. Ni kubwa, ni jeusi, na inzi wanatoka humo. Mama hamlazimishi, naye atamlazimishaje mtoto aliyeshaona mengi ya kutisha? Tumeomba sakafu zenye tundu dogo kwa ajili yao, na kwa wale wadogo zaidi tumegawa poti zenye mfuniko. Poti moja niliikuta ikihifadhia chumvi. Nilipouliza, mama alieleza kwamba hana kifaa cha kuisafishia poti, na chombo kizuri hakiachwi bure. Alikuwa na haki. Mgao uliofuata ulikuwa na poti, brashi na ndoo ndogo ya kuoshea, kwa pamoja.

Kuhusu usafi wa vyoo vya pamoja, nimeona mara nyingi jinsi mali ya wote inavyokosa mwenyewe. Kuwalipa wasafishaji kunasaidia kwa muda, mpaka fedha ikate. Tulichofanya, kwa makubaliano na viongozi wa mitaa, ni kukigawa kila choo kwa familia chache zilizo jirani, zikakubaliana zenyewe nani anashika ufunguo na nani anadeki lini. Pale familia zinapojuana, mpango umeshika vizuri. Kwenye mtaa wa waliofika karibuni, ambako watu bado ni wageni kwao wenyewe, ufunguo mmoja umeshazua ugomvi na choo kimefungwa siku kadhaa. Wahamasishaji wawili wamepangwa kukaa na familia hizo mpaka zielewane.

Mashimo yanapimwa kila mwezi kwa kijiti. Uchafu ukifika nusu mita chini ya sakafu, choo kinafungwa na kufukiwa, au uchafu unavutwa kwa pampu. Upande wa bondeni maji ya ardhini yako karibu, na sakafu ya shimo inapaswa kuwa angalau mita 1.5 juu yake, kwa hiyo huko mafundi wanajenga vyoo vya kuinuliwa.

Maji, kutoka bombani hadi kikombeni

Watu walisema maji yananuka dawa. Wengine walikuwa wanachota kijitoni badala yake. Jibu rahisi lingekuwa kuwaambia klorini, yaani dawa hiyo ya kuua vijidudu, ni nzuri kwa afya zao. Tulianza na kupima.

Kipimo chenyewe ni kidogo, kinaenea mfukoni. Unasuuza kichupa kwa maji yaleyale unayotaka kuyapima, unajaza hadi mstari, unatumbukiza kidonge cha DPD namba 1, ambacho hubadilisha rangi ya maji yenye klorini, bila kukigusa kwa vidole, unafunga na kutikisa. Maji yakiwa na klorini iliyobaki huru yanageuka rangi ya waridi, na unailinganisha rangi hiyo na vipande vya rangi vilivyo kando ya kichupa. Inayotakiwa bombani ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Tulikuta vituo vilivyo karibu na tangi vina kiasi kinachozidi hapo, na vya mwisho wa mstari karibu havina kitu. Kwa maneno mengine, waliolalamika kuhusu harufu walikuwa sahihi kabisa, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao hawakulalamika. Mafundi wamerekebisha namna ya kuchanganya dawa kwenye tangi, na wanasubiri dakika 30 kabla ya kufungua maji.

Baada ya hapo tulifuata maji hadi nyumbani. Maji mazuri bombani yanaweza kuwa machafu kikombeni, na chanzo chake kikubwa ni dumu. Madumu mengi yana shingo nyembamba, mkono haupiti, na ndani kuna utelezi wa kijani. Tuliandaa siku za kuosha madumu kwenye vituo vya maji. Unatia kokoto ndogo safi na mchanga wenye ncha, maji kidogo na sabuni, unafunga mfuniko, kisha unatikisa kwa nguvu huku ukiligeuza dumu kila upande mpaka utelezi ung'oke. Unamwaga, unasuuza, unatia maji yenye klorini, unaliacha limejaa nusu saa, unasuuza tena. Watoto waliigeuza kuwa ngoma. Mstari mzima wa madumu ulikuwa ukitikiswa kwa mdundo mmoja, na wanawake waliokuwa wamepita tu wakarudi nyumbani kuchukua ya kwao. Nimeyaona maji yaliyotoka ndani ya madumu yale. Yalikuwa meusi.

Foleni bado ni ndefu upande wa mashariki. Bomba moja halipaswi kuhudumia zaidi ya watu 250, wala mtu asisubiri zaidi ya nusu saa. Tumewasilisha malalamiko pamoja na saa halisi ambazo wahamasishaji waliziandika wakiwa kwenye foleni yenyewe. Vituo viwili vipya viko kwenye mpango.

Vibuyu chirizi

Kwa sabuni isiyokaa karibu na choo, tulianza kibuyu chirizi. Ni dumu dogo lililotobolewa tundu kwa msumari wa moto, likatundikwa kwenye kijiti kilicholala juu ya miti miwili, na kamba inayoshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Mkono haugusi kitu. Yanatoka kidogo, kwa hiyo lita chache zinanawisha watu wengi. Kipande cha sabuni hutobolewa katikati na kufungwa kwa kamba pembeni, ndani ya kipande cha wavu.

Vilipendwa na vikaharibika. Kamba zilikatika, watoto walikanyaga kwa nguvu, maji yaliisha saa tatu asubuhi na hakuna aliyejua ni zamu ya nani kujaza. Vilivyodumu ni vile ambavyo familia zenyewe zilivijenga kando ya choo chao. Vile tulivyovijenga sisi siku ya maonyesho, vingi vimeshabaki miti mitupu. Kwa sababu hiyo tumeacha kujenga. Tunapita na kamba, msumari na koleo, tunamwonyesha mtu mmoja, yeye anamwonyesha jirani. Sabuni haikuibwa kama tulivyohofia. Ikishatobolewa na kufungwa haina mvuto wa kuuza. Mahali isipokuwepo, majivu yanatumika badala yake.

Hedhi

Lile jambo la wasichana. Pedi zilikuwa zimegawiwa, lakini hakuna aliyewauliza wangebadilishia wapi, wangezitupa wapi, na wenye vitambaa wangevianika wapi. Mabafu yalikuwa na mfereji wa wazi unaotoa maji nje, ukipita mbele ya mahema. Mwanamke akijisafisha, maji yenye damu yanapita mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo walikuwa wakioga usiku wa manane, na usiku wa manane ndipo wanapohofia kushambuliwa.

Nimelisoma neno hilo kwenye kikao cha uratibu neno kwa neno, kwa idhini yao. Mifereji imefunikwa na maji yanaingia kwenye shimo la kunyonyea. Mabafu manne yamezungushiwa ukuta wa pamoja wenye uwazi wa kuanikia, ili vitambaa vipate jua bila kuonwa na wapita njia. Kitambaa kisipokauka vizuri hakifai kurudishwa mwilini. Kwa wanaotumia za kutupa, ambazo kipimo chake ni 15 kwa mwezi, kuna ndoo zenye mfuniko ndani ya vyoo vya wanawake na wanawake wanaolipwa kuzichukua hadi tanuri. Sabuni ya ziada ya gramu 250 kwa mwezi imeingizwa kwenye mgao wao. Wasichana wenyewe ndio waliochagua rangi ya mfuko wa kubebea: mweusi, usioonyesha kitu.

Hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoiona imefanyika kwa heshima inayostahili.

Mvua, na mgonjwa wa kwanza

Mvua ziliponyesha, mashimo mawili bondeni yalifurika. Siku chache baadaye kliniki ilituita: mtu mzima, anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, macho yameingia ndani, ngozi ikifinywa hairudi. Sampuli ilipelekwa maabara. Hatukusubiri majibu.

Kila anayefanya kazi hii anaikumbuka Goma, mji wa mashariki mwa Kongo. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika huko, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Haiti nayo, Oktoba 2010, ugonjwa uliingia kwenye mto Artibonite na kusambaa kote. Kipindupindu huanza kuonekana kati ya saa 12 na siku 5 tangu mtu aambukizwe, na wengi wanaobeba vimelea hawaoneshi dalili yoyote, lakini kinyesi chao kinaambukiza. Anayetibiwa mapema hupona, mara nyingi kwa maji ya ORS peke yake, yaani maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Anayecheleweshwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Hayo ndiyo tuliyoyasema mitaani, kwa maneno hayohayo machache: akiharisha maji, mnyweshe njiani, mlete.

Klorini bombani ilipandishwa hadi miligramu 0.5 kwa lita. Sehemu za kunyweshea ORS zilifunguliwa kwenye kila mtaa, chini ya wahamasishaji wenyewe, ili mtu aanze kunywa kabla hajafika kliniki. Kwa aliye mbali na pakiti, tuliwafundisha ya nyumbani: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Tulilirudia hilo la nusu kijiko mpaka watoto wakalikariri, kwa kuwa chumvi ikizidi inamdhuru mgonjwa.

Kulikuwa na shinikizo la kupeleka vijana wenye mabomba ya kupulizia dawa kwenye hema la kila mgonjwa. Nilipinga. Watu wenye mavazi ya mpira wakiingia uani, mtaa mzima unajua, na familia inayofuata itamficha mgonjwa wake. Tuliipa familia ndoo, klorini iliyopimwa, glavu na sabuni, na mhamasishaji wanayemfahamu akakaa nao wakisafisha wenyewe. Wametuita bila kujificha, na hilo kwangu ndilo lililokuwa muhimu kuliko yote.

Uvumi ulikuja mapema. Kwamba ugonjwa umeletwa na dawa ya kwenye maji. Kwamba anayepelekwa kwenye hema la matibabu harudi. Kukanusha kwa kipaza sauti kungeukuza. Wazee waliomba kuona, tukawachukua hadi kwenye tangi, fundi akapima dawa mbele yao, akanywa, nao wakanywa. Kwenye kituo cha matibabu, kwa idhini ya wauguzi, ndugu mmoja wa kila mgonjwa aliruhusiwa kuingia baada ya kunawa, na waliopona walitoka kwa mguu wao mchana kweupe, wakisindikizwa hadi mtaani kwao.

Mzee mmoja alifariki. Maziko yake yalikuwa mtihani kwa kila mmoja, maana kuosha maiti na kula pamoja baadaye ndiko kunakoeneza ugonjwa. Wahamasishaji wazee ndio walioongea na familia, mimi nilikaa kimya nyuma. Wakakubaliana kwamba waoshaji wawe wachache, wavae glavu, watumie maji yenye klorini kali, na penye kunawa pawekwe mlangoni kabla ya chakula. Kila taratibu iliyokuwa na maana kwa familia ilibaki.

Maabara ilithibitisha kipindupindu. Wagonjwa wapya sasa ni wachache mno, ila sehemu za ORS zitabaki wazi mpaka mvua ziishe.

Yanayofuata

Mashimo ya bondeni yahamishwe kabla ya mvua nyingine. Michoro ya vyoo vya kuinuliwa imepitishwa, wanawake wa mtaa huo wameiona na wameomba ngazi ziwe pana. Mgao wa sabuni uhesabiwe kwa kichwa, na orodha mpya ya familia ikamilike wiki hii. Bomba la mashariki. Ugomvi wa ufunguo kwenye mtaa mpya umefika kwa kiongozi wao, kikao ni Alhamisi. Daftari la malalamiko lipate safu ya tarehe ya kujibiwa, si ya kupokelewa tu, na lisomwe hadharani kila mwisho wa mwezi kwenye kituo cha maji, mhandisi akiwepo. Amekubali kuja.